Kimya cha Sajini Meja Radi

Watu wa kota ya jeshi hawakumpenda Radi hata kabla hawajapata sababu. Alikuwa sajini meja wa kombania, mfupi, kifua mbele, na sauti iliyompa jina hilo ilitoka uwanja wa gwaride, ikapita juu ya mapaa ya mabati, ikawakuta akina mama wakianika nguo na kuwashtua kana kwamba wao ndio waliokosea hatua. Watoto wachanga waliamka kwa sauti hiyo. Mbwa walinyamaza. Mke wake, ambaye alikuwa amelala nayo chumba kimoja tangu usichana, alisema Mungu alimnyima mumewe urefu akamlipa kwa koo, na malipo yakazidi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha miguu. Hivyo ndivyo alivyoisema mwenyewe.

"Kichwa kina maswali," aliwaambia kuruta siku ya kwanza, "na maswali yanachelewesha. Mguu hauna swali. Mimi nautaka mguu. Kichwa pelekeni kwa mama zenu."

Na mguu aliupata. Samaki mkunje angali mbichi, na Radi alipokea wabichi kweli: vijana waliotoka mashambani, kwenye gereji, kwenye vibanda vya sabuni na viberiti, wengine hawajawahi kuvaa kiatu cha kamba. Aliwapiga kwata juani mpaka ikafika mahali amri ikitoka kinywani mwake, mguu umeshatua chini kabla mwenye mguu hajajua kama amesikia. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa mmoja na kombania zilikuwa nyingi, kila moja na mwalimu wake akibweka upande wake, aliwafundisha jambo la ziada: wasikie sauti yake tu. Mwalimu wa jirani aseme geuka, wao wasigeuke. Afisa apite aseme tembea, wabaki hapo hapo. Aliyetikisika kwa sauti ya mtu mwingine aliruka kichura mpaka akatapika. Walimchukia kwa hilo, nao wakajifunza.

Tena alikuwa na ugonjwa wa mstari. Hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Nyumbani alipanga viatu mlangoni, ndoo ukutani, hata vijiko. Kwenye harusi ya binti wa jirani alisogeza viti wageni wakiwa wamevikalia. Kwenye msiba wa baba mkwe wake aliwashika mabega wafiwa waliokuwa wanalia akawavuta nusu hatua nyuma, na mke wake nusura aingie kaburini pamoja na marehemu kwa aibu. Ukimuuliza baadaye, Radi alikataa katakata kwamba alifanya hivyo. Hakuwa anasema uongo. Mkono na mdomo vilimtangulia, yeye akafuata.

Halafu ikaja vita ya ng'ambo ya mto.

Haikuwa vita ya hawa watu, na kila aliyesema ni yao alikuwa ameketi nyuma ya meza. Jirani walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, kombania ya Radi ikapelekwa kulinda barabara. Juu ya barabara hiyo yalipita malori yaliyofunikwa turubai, yakitoka huko yanakuja huku. Kilichokuwa chini ya turubai askari hawakuambiwa. Aliyeuliza alijibiwa kwamba ni usalama wa taifa, na taifa, inaonekana, lilikuwa limelala chini ya turubai. Siku moja, darajani, kapteni aliitazama ramani yake akasema songa mbele, na Radi akaipaza amri hiyo kwa sauti yake. Kombania ikasonga mbele uwanda mtupu, safu imenyooka, nafasi kati ya mtu na mtu ni ileile, kama walivyofundishwa. Wenye bunduki upande wa pili hawakuhitaji hata kulenga. Radi alikuwa kwenye mtaro, udongo mdomoni, akatazama safu ikipungua bila kupinda. Hakukimbia hata mmoja. Yeye ndiye aliyewafundisha wasikimbie.

Waliobaki walirudishwa. Mkubwa mmoja akatokea kwenye televisheni, shingo imejaa ndani ya kola, akasema vijana wetu wametimiza wajibu na hawatarudi tena kule. Akina mama wa kota walipiga vigelegele mbele ya televisheni. Ahadi ya mkubwa, jamani, nayo ilipigiwa vigelegele.

Ndipo akaletwa Kanali mpya. Askari walimwita Manukato, kwa sababu harufu yake iliingia chumbani kabla yake na kuondoka baada yake. Hakuwa amewahi kuvuka mto. Aliwakusanya bwaloni baada ya chakula cha mchana, akasimama juu ya benchi ili aonekane, akasema maneno machache.

"Kombania hii ilipata upungufu. Upungufu umezibwa. Mnarudi kumaliza kazi."

Radi alikuwa mlangoni. Uso wake haukubadilika, maana hata wenyewe ulikuwa umeshapigwa kwata. Lakini neno lile liliingia likakaa. Upungufu ule aliufundisha yeye kufunga kamba za viatu, mmoja baada ya mwingine, amepiga goti mbele yao kwenye vumbi huku akiwatukana. Sasa mtu asiyejua hata jina la mmoja wao alikuwa ameuziba, kama mtu anavyoziba tundu la panya.

Katika kombania hiyo alikuwamo mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, koplo. Wenzake walimwita Wakili kwa sababu hakuna amri aliyoipokea bila kuitafutia kifungu. Alirudi kutoka darajani na kipande cha chuma begani, daktari akamwambia azoee tu kuishi nacho. Wakili hakuzoea. Alianza kuzungumza na wenzake mahali ambapo maafisa hawakanyagi: kwenye kufyeka nyasi, kwenye kuchimba vyoo, kwenye foleni ya maji. Jeshini watu wakisimama pamoja bila kazi wanatiliwa shaka, lakini wape mafyekeo na hakuna atakayewatazama. Wakafyeka sana. Kambi haijawahi kuwa na nyasi fupi namna ile, na Kanali akawapongeza kwa usafi.

Asubuhi, kwenye mchakamchaka, Wakili alikuwa mwimbishaji. Akaanza kubadilisha maneno kidogo kidogo.

"Ng'ambo kuna nini?" aliimba.

"Kuna barabara," walijibu, buti zikigonga lami.

"Barabara ya nani?"

"Hatujaambiwa."

"Basi tunarudi wapi?"

"Tunarudi kota."

Maafisa walikuwa bado vitandani. Aliyesikia alidhani ni wimbo wa kutamani nyumbani. Lakini kwa njia hiyo kila mtu alisema kwa kinywa chake, mbele ya mwenzake, kwamba haendi, na asiyeitikia alijulikana papo hapo. Wachache hawakuitikia. Waliobaki walipatana, kisha wakagonga ukuta, na ukuta huo ulikuwa Radi.

Wakili alimfuata nyumbani Jumapili, akamkuta sebuleni anapiga buti rangi.

"Mjomba, hatutaki bunduki wala fujo. Tunakuomba kitu kimoja tu. Unyamaze."

"Ninyamaze nini?"

"Siku ya malori. Kanali atakuambia utupandishe. Wewe funga mdomo. Usipotoa amri wewe, hakuna mguu utakaotoka. Umetufundisha mwenyewe tusisikie mtu mwingine."

"Huo ni uasi."

"Uasi ni kukataa amri. Sisi hatutakuwa tumesikia amri yoyote."

Radi aliweka buti chini, sambamba na lenzake. "Wewe ulizaliwa na mdomo, dada yangu akakunyonyesha maneno. Unajua waasi wanafanywaje? Ondoka hapa kabla sijakuvunja bega la pili."

"Bega hili nililipatia kwenye mstari wako, Mjomba."

Akamfukuza. Alirusha brashi ya rangi, ikagonga mlango, ikaacha doa jeusi ambalo mke wake alilisugua kwa sabuni na hasira bila kulitoa.

Kesho yake akaja mama mtu. Dada yake Radi alifua mashuka ya hospitali ya jeshi. Mikono ilikuwa imevimba kwa sabuni, na alijua vita inavyokwenda kuliko redio, kwa kutazama tu maji ya kwanza ya kusuuzia. Hakumsalimia. Alisimama katikati ya sebule, akavua kandambili moja akaiacha imepinda makusudi.

"Nilikupa mtoto mwenye kichwa na miguu," alisema. "Ukanirudishia miguu. Nikanyamaza, nikasema ni kazi. Sasa unampeleka tena."

"Simpeleki mimi, dada. Ni serikali."

"Serikali haina mdomo. Mdomo ni wako."

"Nikikataa watanifunga."

"Wakufunge. Wewe una kipi cha maana huku nje? Kupanga ndoo?"

"Dada, nina heshima yangu."

"Heshima." Alilitazama neno hilo kana kwamba limetoka puani. "Asiye na mwana aeleke jiwe, na wewe umeeleka sauti yako. Akirudi ndani ya sanduku usije msibani kwangu. Nitakutoa mbele za watu, na sitajali sisi ni wa tumbo moja."

Akaivaa kandambili akaondoka. Radi alibaki ameketi. Alimchukia dada yake, akamchukia mpwa wake, akamchukia Kanali kuliko wote wawili, na neno upungufu lilizunguka kichwani kama nzi kwenye chupa.

Siku iliyofuata, uwanjani, alipita mbele ya Wakili akikagua vifungo, akasema bila kumwangalia usoni, "Nitanyamaza. Kifungo hiki kimelegea."

Tangu siku hiyo akawapiga kwata kuliko zamani. Aliwaita walimu wa kombania nyingine waje kuwapigia kelele masikioni, akidai ni mazoezi ya kusikiliza. Aliyetikisika alijuta kuzaliwa. Waliwahi kumuuliza kama kweli ni lazima, akawajibu, "Hata kukataa mtakataa kwa safu iliyonyooka, takataka nyie. Sitaki kambi nzima iseme watu wa Radi walikataa wamelegea." Walimtukana kimoyomoyo, lakini kwa mara ya kwanza walimtukana kama mtu wao.

Siku ya malori jua lilichomoza kali. Malori yalipangwa kando ya uwanja, injini zinanguruma. Nyuma ya uzio wa waya walijaa wake, mama, watoto mgongoni, wengi wakijua, wengine wakihisi tu. Dada yake Radi alikuwapo na aproni ya kufulia. Polisi jeshi walisimama pembeni na kofia zao nyekundu. Bendi ilikuwa upande wa kulia, ngoma kubwa mbele. Radi aliileta kombania uwanjani, akaisimamisha, akaiacha mguu pande. Kisha akageuka, akampa kombania mgongo, akamtazama Kanali, akafunga mdomo.

"Sajini Meja, wapakie," alisema Kanali kutoka jukwaani.

Kimya.

"Sajini Meja."

Kimya. Kanali alitabasamu kidogo, kama mwenyeji ambaye mgeni wake amejamba. Akatoa amri mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kuongelea kwenye simu. Kombania haikutikisika. Akarudia. Akarudia tena akiwa amepanda juu ya vidole, mshipa wa shingo umemtoka, na hakuna buti lililosogea hata kidogo. Safu ilisimama kama ukuta wa tofali, na wale waliomwona Radi kwa mbele wanasema machozi yalimlengalenga. Alikuwa na fahari. Hakuna gwaride lililowahi kumpendeza namna ile.

Kanali aliteremka jukwaani, akamjia mpaka manukato yakamfika kooni.

"Unajua nitakufanya nini?" alisema kwa sauti ya chini.

Radi alitazama juu ya bega lake.

"Una mke. Una pensheni. Una mpwa wako mle ndani, usidhani sijui. Nitamtundika yeye kwanza."

Jua lilipanda. Kapteni wa polisi jeshi aliulizwa kama watu wake wako tayari, akajibu kwamba wako tayari lakini akatazama chini, na Kanali akaelewa. Nusu ya kofia nyekundu zilikuwa na ndugu kwenye safu. Akatoa simu, akapiga makao makuu, akaongea huku akijifuta jasho, ndiyo mkuu, hapana mkuu, naelewa mkuu. Akaikata. Akamwambia kapteni kitu, kapteni akawapungia madereva mkono, na injini zikaanza kuzimwa, lori moja, kisha lingine, mpaka uwanja ukawa kimya na ukasikika mtoto anakohoa kule kwenye uzio.

Walikuwa wameshinda. Hilo lielezwe vizuri, kwa sababu baadaye kila mtu alilisimulia anavyotaka. Walikuwa wameshinda, mambo yamekwisha, na kilichobaki ni kuondoka uwanjani tu.

Nyuma ya mgongo wake Radi alisikia pumzi zikishushwa. Kisha kicheko kidogo, kisha kingine. Mtu alipiga mluzi kuelekea uzio, mwanamke akajibu. Radi akageuka. Mstari wa mbele ulikuwa umepinda kama mkia wa mbuzi. Mmoja alikuwa amevua kofia anajikuna. Mwingine, katikati ya uwanja wa gwaride, mbele ya Kanali na bendera, alikuwa amemwegemea mwenzake anacheka.

Na kabla Radi hajajua kwamba ana mdomo, ulikuwa umeshafunguka.

"Kombania, mguu sawa."

Buti ziligonga chini kwa pamoja. Ilikuwa safi. Safu ilinyooka, kofia ikarudi kichwani, vidole gumba vikaingia kwenye mshono wa suruali. Radi alisikia mlio ule, na kwa nukta moja uliusuuza moyo wake. Halafu akaelewa alichofanya.

Kanali hakuwa mtu wa maana, lakini mjinga hakuwa. Debe tupu nalo likikaa palipo na bomba hujaa maji. Alidakia papo hapo, moto bado uko chini ya chungu: "Kulia geuka. Mbele tembea." Na mguu ukishaamshwa na mwenyewe hauulizi tena sauti inayofuata ni ya nani. Mguu sawa ndio mlango. Radi alikuwa ameufungua kwa mkono wake, aliyepita nyuma yake alipita tu. Kombania iligeuka kulia. Kombania ikatembea. Madereva walikuwa wameshaona, injini zikawashwa.

Bado alikuwa na nafasi. Neno moja, simama, lingewazuia, na lilikuwa limemjaa kinywani. Lakini amri ya kusimama ina mahali pake. Hutolewa mguu wa kushoto ukigusa ardhi, si kabla, si baada, na Radi hakuwahi katika maisha yake kuitoa mguu wa kulia. Akaungoja wa kushoto. Kulia. Anaungoja. Na ule wa kushoto ulipotua, bendi iliyokuwa ikisubiri ishara tangu asubuhi ikapiga ngoma kubwa, na sauti ya Radi, ile iliyowahi kuamsha watoto wa kota nzima, ikamezwa na ngozi ya ng'ombe. Akapiga kelele tena, ovyo, bila kuhesabu mguu, lakini kofia nyekundu zilishamzunguka, na Kanali alikuwa amemkumbatia mbele ya watu wote, akimpigapiga mgongoni kwa furaha.

Waliokuwa kwenye uzio waliona hivyo tu. Waliona Sajini Meja anatoa amri, watu wanapanda malori, Kanali anamkumbatia.

Wakili alikwishapanda. Lori lilipokaribia geti, aliruka akaangukia bega lenye chuma, wakamkamata hapohapo na kumtia mahabusu. Wengine walivuka mto.

Kota ilifanya kilichobaki. Bombani akina mama walivuta ndoo zao pembeni mke wa Radi alipofika, wakaongea juu ya kichwa chake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mmoja, "na wengine nguo wanazifua wenyewe." Mtu alipaka mavi kwenye kitasa cha mlango wao. Mke wake alikisafisha, akaingia ndani, akamwambia mumewe, "Mimi najua hukuwauza. Nimekaa na wewe, najua ugonjwa wako. Lakini nitawaambia nini watu? Kwamba uliona mstari umepinda?" Akalia kwa hasira, na toka hapo alimwekea chakula mezani bila kumwita.

Radi alikwenda ofisini kwa Kanali.

"Nimekuja kukiri," alisema. "Nilikuwa pamoja nao. Nilinyamaza kwa makusudi. Aliyeko mahabusu mfungueni, mniweke mimi."

Kanali alikuwa anakata kucha. "Nimeandika makao makuu kwamba sajini meja wangu alizima uasi kwa neno moja. Wamefurahi. Mimi napandishwa cheo, wewe unapata nishani. Sasa unataka kuniambia nini?"

"Kwamba nilikuwa mwasi."

"Hukuwa. Mwasi asingefungua mdomo." Akapuliza kucha. "Umekuja mbio hapa kujitafutia kamba ya shingo, na kamba yenyewe nimeshaifungia mtu mwingine. Nenda nyumbani."

Akaenda mahabusu. Walimruhusu, maana shujaa anaruhusiwa kila mahali. Wakili alikuwa nyuma ya nondo, mkono umefungwa shingoni.

"Ilinitoka tu," alisema Radi. "Nakuapia, ilinitoka tu."

"Najua, Mjomba. Hata mimi. Nilikuwa juu ya lori ndipo nikakumbuka kwamba nimekataa."

Kisha Wakili akasema, bila kupandisha sauti, "Afadhali ungetuuza. Msaliti tungemchukia tukapumzika. Sasa nikuchukie wewe, au niuchukie mguu wangu?"

"Nichukie mimi."

"Nakuchukia. Haisaidii."

Masanduku yalianza kurudi kabla mvua hazijaisha. Radi aliagizwa kuongoza gwaride la mazishi, na aliliongoza kwa sauti iliyopasuka, huku wafiwa wakimtemea mate miguuni. Hakuyafuta. Kwenye mazishi hayo hakusogeza bega la mtu.

Siku ya nishani Kanali alitengeneza sherehe kubwa. Jukwaa lilipambwa, bendi ikang'arishwa, wageni wakaja na miwani ya jua. Kuruta wapya, wabichi, waliwekwa mbele wajifunze. Kota ililetwa kwenye uzio kwa lazima. Dada yake Radi hakuletwa na mtu. Alikuwa anatoka mahabusu kumpelekea mwanawe nguo, akapitia hapo na kapu lake, akasimama kando ya wifi yake bila kumsemesha.

Kilemba cha ukoka kilisomwa kwanza, kirefu. Utii. Ushupavu. Neno moja lililookoa heshima ya jeshi. Radi alisimama peke yake katikati ya uwanja, buti zinang'aa. Halafu Kanali akashika nishani kwa ncha za vidole, akatoa amri mwenyewe, kwa ile sauti yake ya simu.

"Sajini Meja, mbele tembea."

Mguu wa kushoto ulinyanyuka. Walioko karibu waliuona. Ulinyanyuka peke yake, kama ulivyozoea, na Radi aliutazama ukiwa hewani kama mtu anayemtazama mbwa wake akimfuata mwizi. Akajaribu kuushusha, ukashuka, lakini wa kulia ukaanza. Mwili mzima ulikuwa unakwenda mbele na yeye hataki. Jasho lilimtoka. Aliinama, akashika goti kwa mikono miwili, na goti likamshinda.

Basi akakaa chini. Sajini meja wa kombania, na mavazi rasmi, alikalia matako yake kwenye lami ya uwanja wa gwaride na kunyoosha miguu mbele, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kuizuia.

"Inuka," alisema Kanali.

Hakuinuka.

"Inuka, nakuamuru."

Mguu ulitikisika kwenye lami. Radi aliulalia kwa kifua. Mgeni mmoja alicheka akidhani ni sehemu ya sherehe, kisha akaacha. Kofia nyekundu zilikuja, wakamwinua akiwa amejikunja vilevile, maana hakukubali kuuachia mguu, wakambeba kama kiti kilichovunjika kuelekea mahabusu. Hakuna aliyepiga kelele. Kuruta walitazama wakasahau kufumba midomo, na mwalimu wao hakuwakemea.

Kwenye uzio mke wa Radi alikuwa amejishika kifua. "Umemwona, wifi?" alisema. "Amekataa. Umemwona lakini?"

"Nimemwona," alijibu dada yake Radi. Akainua kapu akaliweka kichwani. "Angekaa chini siku ile."

Akaenda zake kazini, kwa sababu mashuka yalikuwa yameshafika.